Wakuu, "more cheaper" kosa lake hasa ni nini? Naomba msaada kwenye kulinganisha vitu kwa Kiingereza

binti_usa_river:

Wakuu habari za jioni, naomba msaada wenu wa haraka, hasa walimu na wale mnaoishi na Kiingereza kila siku.

Mi nafanya kazi kwenye ofisi ya utalii hapa Arusha, kazi yangu kubwa ni kujibu imeili za wageni, wanauliza njia ipi nzuri ya kupandia mlima, mbuga ipi waanze nayo, mwezi gani kuna mvua, mambo kama hayo. Kiingereza changu si kibaya, nimemaliza form six na wageni naongea nao kila siku tunaelewana vizuri tu. Sasa juzi bosi kapitia imeili yangu kabla haijatoka, akaiprinti na kunirudishia imejaa wino mwekundu, na karibu makosa yote ni ya aina moja, ya kulinganisha. Naleta kama nilivyoandika:

"Kilimanjaro is high than Mount Meru but Meru is more quieter."

"Marangu is more easier because you sleep in huts but Machame is very beautiful than Marangu."

"Nyerere National Park is bigger than any national park in Tanzania."

"The weather of January is better than April."

Bosi hakunifokea ila hakunielekeza pia, alisema tu rekebisha. Nikarekebisha kwa kubahatisha, "high" nikaweka "higher", "more" ya kwenye "easier" nikaitoa, lakini ile ya Nyerere na ile ya hali ya hewa mpaka sasa hivi sijaona kosa liko wapi. Halafu kuna mgeni kaandika "the sooner we book the better", mi zile "the" mbili nikajua kakosea kuandika, kumbe mwenzangu ofisini anasema ni sahihi kabisa.

Inaniumiza kwa sababu mgeni anayetaka kulipa maelfu ya dola hajawahi kuniona, ananijua kwa imeili tu. Nataka nielewe, nimechoka kubahatisha. Nawasilisha.

ticha_mstaafu:

Dada pole na kazi. Nimefundisha Kiingereza sekondari Tanga na baadaye Moshi mpaka nastaafu, na makosa hayo yako nimeyasahihisha kwenye madaftari zaidi ya kosa lingine lolote, kwa hiyo usione ni la kwako peke yako. Na yana sababu, nayo iko kwenye Kiswahili chetu.

Chukua sentensi "Juma ni mrefu kuliko Ali". Angalia neno "mrefu", halijabadilika kitu, ni lilelile ambalo ungelitumia kama Ali asingekuwepo kabisa. Mzigo wote wa kulinganisha kaubeba "kuliko" peke yake. Kiingereza mzigo huo kinaugawa kwa wawili, sifa yenyewe lazima ibadilike sura iwe "taller", halafu "than" ndiyo ionyeshe unamlinganisha na nani. Sasa Mswahili akifikiri kwa Kiswahili anaweka ile "than" tu, anaona kazi imeisha, ndiyo inatoka "high than". Akishasahihishwa mara mbili tatu anaanza kuogopa, anasema ngoja niweke alama zote mbili kwenye sifa nisikosee, inatoka "more easier", hapo ni sawa na kulipa nauli mara mbili kwenye daladala moja. Kwa hiyo "high than" na "more easier" ni makosa mawili ila mzizi wake mmoja, la kwanza umepunguza na la pili umezidisha.

Sasa lini "er" na lini "more", hapo tumia sikio, hesabu silabi. Neno la silabi moja linachukua "er": higher, cheaper, colder, steeper. Silabi tatu kwenda juu linachukua "more": more beautiful, more expensive, more comfortable. Vurugu iko kwenye silabi mbili. Yanayoishia na "y" yanageuka, easy inakuwa easier, dusty dustier, busy busier. Quiet inakuwa quieter. Famous, careful, crowded yanataka more. Na yale yaliyotokana na vitenzi, yanayoishia ed au ing, nayo yanataka more hata yakiwa mafupi, kwa hiyo ni "more tired" na "more boring", usije ukaandika tireder. Kuna machache yanakubali njia zote mbili, mfano "clever" na "simple", hayo yasikunyime usingizi.

Kwenye tahajia kumbuka big inaongeza g inakuwa bigger, hot hotter, wet wetter, ila cheap haiongezi kwa sababu ina irabu mbili kabla ya p. Na yale yasiyofuata mtu, good better, bad worse, hayo ni ya kukariri tu, na "more better" ndiyo kosa ninalolisikia hata kwenye redio.

Ile "very beautiful than" ni Kiswahili tena, sisi tunasema "nzuri sana kuliko", kwa Kiingereza "very" haikai na kulinganisha. Weka "much" au "far": "much more beautiful than Marangu". Kama tofauti ni ndogo weka "a bit" au "slightly". Mi nilikuwa nawaambia wanafunzi, sifa ikiwa imekaa peke yake mpe very, ikishapata mwenzie wa kulinganishwa naye mpe much.

mtu_wa_thika:

Mwalimu amesema yote kuhusu zile mbili za kwanza, wacha mimi nishike hizo mbili za mwisho kwa sababu huku Kenya tulichapwa nazo sana shule.

Dada, "Nyerere is bigger than any national park in Tanzania", sasa jiulize Nyerere yenyewe iko wapi, si iko Tanzania? Na si ni national park? Kwa hivyo umesema Nyerere ni kubwa kuliko kila park ya Tanzania pamoja na Nyerere yenyewe, yaani imejishinda ukubwa, na hiyo haiwezekani. Ongeza "other" tu: "bigger than any other national park in Tanzania". Na ukweli ni hivyo, ilikatwa kutoka Selous mwaka 2019, iko na kilomita za mraba kama 30,893 na Serengeti ni 14,763, kwa hivyo unaweza hata kuandika "more than twice as big as Serengeti" na usikosee.

Lakini sikiza hii kwa sababu ndiyo inasaidia mtu kuelewa badala ya kukariri. Ukisema "Nyerere is bigger than any national park in Kenya", hapo "other" haitakiwi, kwa sababu Nyerere haiko Kenya, haiwezi kujilinganisha na yenyewe. So swali ni moja, hiki kitu kiko ndani ya lile kundi ama kiko nje? Kikiwa ndani weka other.

Ile ya weather, umelinganisha hali ya hewa na mwezi. Hali ya hewa ya Januari upande mmoja, Aprili yenyewe upande ule mwingine, ni kama kupima embe na mti. Na hata kwa Kiswahili tukiwa makini tunasema "kuliko YA Aprili". Hakuna mtu husema "mshahara wangu ni mkubwa kuliko wewe", utasema "kuliko wako". Kiingereza kinataka hiyo "ya" ionekane. "The population of Tanzania is larger than that of Kenya", sensa yenu ya 2022 ilitoa watu 61,741,120 na yetu ya 2019 ilikuwa 47,564,296. Ukisema "larger than Kenya" umelinganisha watu na nchi.

Ila kwa hiyo yako "that of April" itasikika kama kitabu cha jiografia. Sema tu "The weather is better in January than in April". Mtu ataelewa na haina shida yoyote.

Na kitu kingine nimeona sana kwa matangazo ya safari huku na huko, "one of the best park". Moja kati ya nyingi, kwa hivyo ile nomino iwe nyingi, "one of the best parks".

dada_wa_leicester:

Jamani huu uzi ungekuwepo miaka sita iliyopita wakati naingia huku ungeniokoa. Mi natunza wazee, nipo Leicester, na naomba niseme kitu ambacho shule hawakutufundisha, jinsi watu wanavyolinganisha kwenye maongezi ya kawaida, kwa sababu sheria nilikuja nazo zote na bado nilipata shida.

Kuna bibi mmoja tulikuwa tunamtunza, chumba chake kipo juu na magoti yake yameanza kugoma. Nikamwambia msimamizi wa zamu, huyu mama ahamishiwe chumba cha chini. Akanijibu "I couldn't agree more". Mi nikasikia "couldn't", nikasikia "agree", nikajua nimekataliwa, nikanyamaza. Wiki nzima yule bibi anapanda ngazi na mimi roho inaniuma, na msimamizi naye anashangaa kwa nini sijaleta ile fomu ya kumhamisha. Kumbe maana yake ni kinyume kabisa, ni kama kusema siwezi kukubali zaidi ya hapa kwa sababu nimeshakubali mpaka mwisho. Neno "kuliko sasa" wamelimeza, halitamkwi. Vivyo hivyo "it couldn't be better", maana yake mambo ni mazuri hayana pa kuongezeka. Ukisikia couldn't na neno la kulinganisha nyuma yake, simama ufikirie kabla hujakasirika au hujahuzunika.

Halafu huku mtu hasemi moja kwa moja kwamba anaumwa. Mzee unamuuliza hali, anakujibu "I've been better". Mtu mgeni anasikia "better" anafurahi anaandika kwenye faili mgonjwa anaendelea vizuri. Mzee kakwambia kuna siku alikuwa na hali nzuri kuliko leo, yaani leo hayuko sawa, kaa naye muulize panauma wapi. "Could be worse" ni kama sisi tunavyosema "tunamshukuru Mungu", si mbaya sana. "She's no better today" maana yake hajapata nafuu hata chembe. Hizi nilianza kuziandika kwenye daftari dogo ninalobeba mfukoni na mpaka leo ninalo.

Na huku watu wakitaka kusema kitu kwa upole wanakwepa kusema kibaya, wanageuza na "not as". Hawasemi chakula cha leo ni kibaya kuliko cha jana, wanasema "it's not as nice as yesterday's". Hiyo dada itakufaa sana na wageni. Badala ya kuandika "Meru is lower" au "less high", ambayo hamna mtu anayeisema, andika "Meru isn't as high as Kilimanjaro, but it's quieter". Mgeni haoni umeuponda mlima.

Lakini kuna moja nakusihi usiitumie, "you had better". Sisi tuna "bora ulipe mapema", "bora uende", na ni ushauri wa upole kabisa, kwa hiyo tukiona better tunajua ndiyo yenyewe. Kwa Kiingereza "you'd better pay" ina kitisho ndani yake, kwamba usipolipa utaona. Mi nilimwambia mtoto wa mgonjwa mmoja "you had better come tomorrow" nikimaanisha ni vizuri aje kesho, yule mama uso ukabadilika, akadhani mama yake anakata roho. Sema "it would be better to".

binti_usa_river:

Nimesoma mpaka hapo nimeshika kichwa. Dada wa Leicester hiyo "you had better" mi naandika kila siku!!! "You had better pay the deposit before Friday." Nilikuwa naona ndiyo adabu yenyewe. Mungu wangu. Kesho naanza na hiyo.

Mwalimu shikamoo, na asante sana, hiyo ya kugawa mzigo kwa wawili imeingia. Naomba unisaidie na ile "the sooner the better". Na bosi aliwahi kunikosoa "less tourists" nikiwa naelezea mwezi wa tano, akasema ni "fewer", mi naona zote zinamaanisha pungufu.

ticha_mstaafu:

Marahaba mwanangu.

Tuanze na less na fewer kwa sababu hiyo Kiswahili kinakupa jibu bure. Sisi hatusemi "watalii kidogo", tunasema "watalii wachache". Na hatusemi "kelele chache", tunasema "kelele kidogo". Basi pale ambapo Kiswahili kingesema -chache Kiingereza cha shuleni kinataka fewer, na pale penye kidogo kinataka less. Fewer tourists, less noise. Wanafunzi wangu nilipoanza kuwafundisha kwa njia hiyo kosa lilipungua sana, nilijilaumu kwa nini sikuanza mapema.

Ila usije ukamkosoa mgeni wako akiandika "less tourists", wenyewe kwenye maongezi wanasema hivyo sana na tangu zamani mno. Hiyo kanuni ilianza kama maoni tu, mwaka 1770 mwandishi Robert Baker aliona "fewer" inapendeza zaidi kwa vitu vinavyohesabika, waliokuja nyuma wakaifanya sheria. Maduka ya Uingereza yalikuwa na vibao vya foleni ya haraka vimeandikwa "10 items or less", watu wakalalamika weee, mpaka Tesco mwaka 2008 wakaja na "up to 10 items", wakaondokana na ubishi. Lakini wewe unaandika imeili za kazi, weka fewer.

Sasa "the sooner the better". Kiswahili kina "kadiri... ndivyo...", kadiri mnavyowahi ndivyo inavyokuwa bora. Hizo "the" mbili ndizo zinazofanya kazi ya kadiri na ndivyo. Na si ile "the" ya kawaida ya "the mountain", hii inatokana na umbo lingine la Kiingereza cha kale lililokuwa na maana ya "kwa kiasi hicho", miaka ikaenda zikafanana sura. Ndiyo maana ukitafuta nomino mbele yake unaikosa ukadhani mgeni kakosea. Kwa mlima ina matumizi mengi sana: "The higher you climb, the colder it gets." "The slower you walk, the better you feel", na hiyo ndiyo pole pole ya waongozaji wetu.

Angalizo moja, ukianzisha ya kwanza lazima uimalizie na ya pili, kama vile huwezi kusema "kadiri unavyopanda" ukanyamaza. Watu wengi wanaandika "The more you wait, the price goes up". Nusu ya pili haijafungwa. Iwe "The longer you wait, the higher the price".

mpita_njia_dom:

Naomba kuuliza kidogo wakuu, mimi niliambiwa "taller than me" ni kosa, sahihi ni "taller than I". Sasa kwenye mitandao wazungu wote wanaandika than me. Na pia, Mwalimu, umesema "more" na "er" havikai pamoja, mbona Shakespeare kaandika "the most unkindest cut of all" kwenye Julius Caesar, ile ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere? Nimewahi kuisoma kwa macho yangu.

ticha_mstaafu:

Umesoma sawasawa, ipo pale Antony anapowaonyesha watu joho la Kaisari lilivyochanwa. Wakati wa Shakespeare kuweka zote mbili kulikuwa ni kutilia mkazo na hakuna aliyeona ajabu. Karne zilizofuata wanasarufi wakaikataa na ikafutika kwenye maandishi rasmi. Kwa hiyo kihistoria "more better" haikuwa ujinga, ilikuwa Kiingereza kizuri cha siku zake. Ila leo ukiiandika msomaji haoni Shakespeare, anaona mtu asiyejua. Lugha ya leo unaipima kwa watu wa leo.

Kuhusu than I, mimi nilifundisha "than I" na bado naona ndiyo yenye heshima zaidi kwenye mtihani.

dada_wa_leicester:

Mwalimu kwa heshima zote hapo naomba nipingane na wewe kidogo. Huku miaka sita sijasikia mtu hata mmoja akisema "taller than I" akaishia hapo. Madaktari, wanasheria, wazee wa miaka tisini, wote wanasema "than me". Ukisema than I wanakuangalia. Kama mtu anataka kuwa rasmi basi aongeze kitenzi, "taller than I am", hiyo inasikika vizuri popote na hakuna wa kukukosoa.

ticha_mstaafu:

Hiyo ya kuongeza kitenzi nakubaliana nayo moja kwa moja, na tena kuna mahali ni lazima. "She likes you more than me", hapo ana maana gani? Anakupenda wewe kuliko anavyonipenda mimi, au anakupenda wewe kuliko ninavyokupenda mimi? Huwezi kujua. Ukisema "more than I do" mambo yamekwisha. Kiswahili chetu hapo kinatuokoa kwa sababu viambishi vya mtenda na mtendwa viko ndani ya kitenzi, "anavyonipenda" na "ninavyokupenda" haviwezi kuchanganyika. Na nakubali dada, we unaishi nao, kwenye maongezi than me ndiyo wanayosema.

mtu_wa_thika:

Kabla uzi haujafungwa wacha niongeze zile ambazo hazitaki "than" kabisa, kwa sababu watu wetu wanaikwamisha kila mahali. "I prefer tea than coffee", hapana, ni "prefer tea TO coffee". "He is senior than me", hapana, "senior to me". Junior, superior, inferior, zote "to". Hizo ni za Kilatini na huko kwao zilikuwa tayari ni za kulinganisha, ndiyo maana pia hauwezi kusema "more superior". Ofisini kwetu nimeona barua iko na "more senior than", hiyo wengine huikubali sikuhizi, lakini "senior than" peke yake hapana.

Na mara mbili. Kiswahili tunasema "kina kirefu mara mbili kuliko", mtu anatafsiri "twice deeper than". Ni "twice as deep as". Ziwa Tanganyika lina kina cha mita kama 1,470, Ziwa Nyasa kama mia saba hivi, kwa hivyo "Lake Tanganyika is twice as deep as Lake Nyasa". Sijui kwa nini "twice" haipendi "er" lakini "three times" huwa inaikubali kwa watu wengine, mimi naweka "as... as" kwa zote ili nisisumbuke.

mpita_njia_dom:

Hapo kwenye prefer nimekamatwa, nimeandika "prefer than" kwenye barua ya maombi ya kazi wiki iliyopita. Haijajibiwa bado. Asanteni.

dada_wa_leicester:

Usihuzunike mdogo wangu, wakikuita kwenye intavyuu utasema sahihi. Na moja tu nimeikumbuka, "like" na "as". Sisi zote ni "kama" kwa hiyo tunachanganya. Nikisema "I work as a nurse" mi ni nesi kweli, ndiyo kazi yangu. Nikisema "I work like a nurse" mi si nesi, ila nafanya kazi mithili ya nesi. Dada yetu huko Arusha akiandika "your guide will work like a cook" mgeni atajiuliza sasa mpishi mwenyewe yuko wapi.

binti_usa_river:

Wakuu sina cha kuwalipa. Nimekaa nimeandika upya imeili yote tangu mwanzo, naomba muipitie mara ya mwisho kabla sijampelekea bosi:

"Kilimanjaro is higher than Mount Meru, but Meru is quieter and has fewer climbers. Machame is harder than Marangu and, in my opinion, much more beautiful. The nights are a bit colder there because you sleep in tents and not in huts. If you have time for the south, Nyerere is bigger than any other national park in Tanzania, although it is not as famous as Serengeti. The weather is better in January than in April. It would be better to pay the deposit before Friday. The sooner you book, the more cheaper the flights."

mtu_wa_thika:

Hii imekaa sawa sana. "Not as famous as" hapo umeiweka vizuri kuliko hata mimi ningeiweka.

ticha_mstaafu:

Mwanangu nimeisoma mara mbili. Sentensi ya mwisho, toa "more", ibaki "the cheaper the flights". Mengine usiguse hata nukta.

binti_usa_river:

Nimeitoa mwalimu. Bosi kaisoma kwenye simu sasa hivi kasema itume. Imeenda.